Verna Hangoji Mtu

Katika mji mmoja wa kisiwa cha Cape Breton, Kanada, ambako machimbo ya makaa yalifungwa na watu wakabaki, majina hayatoshi. Akina Gillis peke yao wanajaza kanisa. Kwa hiyo kila ukoo una jina lake la kupachikwa, na mtu akikutana nawe hakuulizi unaitwa nani, anakuuliza baba yako nani. Verna Gillis alikuwa Verna wa Mlango. Babu yake alianzia kazi shimoni kwenye mlango wa hewa, kuufungua na kuufunga farasi wakipita, na jina likaganda mpaka kwa wajukuu ambao hawajawahi kuliona shimo.

Verna alikuwa na miaka arobaini na sita, na kumi na tisa kati ya hiyo alikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee pale kilimani. Kuwaogesha, kuwavalisha, kuwalisha, kuwageuza. Mtu asipofika kazini, simu ya kwanza ilikuwa ya Verna, naye hajawahi kusema hapana. Chakula alikula amesimama kando ya sinki, mkate mkono mmoja, kikombe mkono mwingine.

"Wewe Verna, hicho kiti kina miiba?" Bernadine alikuwa akimuuliza. Bernadine alikuwa mhudumu mwenzake, mnene, mwenye maneno, aliyekaa kila alipopata pa kukaa.

"Nikikaa sitainuka."

"Si ndiyo maana ya kukaa, mwenzangu!"

Watu walicheka, na Verna alicheka nao. Walichokuwa hawakioni ni meno yake. Alikuwa ameshavunja magego mawili kwa kuyasaga usingizini, na daktari wa meno alimuuliza kama anatafuna mawe. Kila siku aliamka saa kumi alfajiri bila kuamshwa, moyo ukienda mbio kana kwamba amechelewa mahali. Na masikio yake hayakupumzika. Mtu akitembea kwenye ukumbi, Verna alijua ni nani, na alijua ameamka vizuri au vibaya, kabla hajatokeza kwenye kona. Wenzake walidhani ni kipaji.

Hakikuwa kipaji. Alijifunza akiwa na miaka tisa, amelala na nguo zake zote, akisikiliza magurudumu ya gari la baba yake kwenye theluji. Yakija polepole, sawa. Yakija kwa kishindo na kuzima ghafla, basi anaamka, anaweka chungu cha kutapikia jikoni karibu na meza, anamsukuma mdogo wake Lauchie nyuma ya kitanda, na anangoja.

Mama yao alikuwa amekufa kwa saratani mwaka uliotangulia. Baba, Angus wa Mlango, aliangukiwa na jiwe shimoni akaumia mgongo, wakampa vidonge, naye vidonge akavishushia na ramu. Hakuwa mtu mbaya. Kuna siku aliwakaangia samaki na kuwaimbia. Lakini mara nyingi alianguka pale jikoni, mtu mzima wa kilo tisini, na Verna ndiye aliyemwinua. Alijifunza mwenyewe jinsi ya kufanya. Unapiga goti nyuma yake, unapitisha mikono chini ya makwapa, kichwa chake unakilaza kwenye bega lako, unahesabu, unavuta kwa miguu na si kwa mgongo. Halafu unamfuta, unamfunika, unapiga deki.

"Tunyamaze, sawa?" alikuwa akimwambia Lauchie asubuhi, akimfunga vifungo vya koti. Maana watu wa ustawi wa jamii wakisikia watakuja, na wakija watawagawa, Lauchie nyumba hii na yeye nyumba ile. Iliwapata watoto wa mtaa wa chini. Mwalimu alipouliza, Verna alisema baba ana mafua. Baba alikuwa na mafua majira yote ya baridi.

Na alifaulu. Hilo ndilo alilojivunia kimoyomoyo maisha yake yote. Angus alikufa kitandani mwake, wakati Verna ana miaka kumi na tisa, Lauchie akakua na kwenda kuchimba mafuta Alberta, magharibi ya mbali, na hakuna aliyejua. Hivyo ndivyo alivyoamini.

Sasa, katika nyumba ya wazee kuna sheria mbili ambazo mhudumu anaambiwa siku ya kwanza kabla hata hajaonyeshwa choo. Ya kwanza: mashine ya kuinulia inashikwa na watu wawili. Mashine yenyewe ni mkono wa chuma wenye magurudumu. Mzee anawekwa kwenye kitambaa kama machela, vitanzi vinne vya kitambaa vinaning'inizwa kwenye ndoano, mmoja anabonyeza kitufe, wa pili anamshika mzee na kuangalia vitanzi. Ya pili: aliyeanguka haguswi. Unapiga kengele, unakaa naye sakafuni, unamfunika, mpaka nesi aje amwone. Majira ya majani kudondoka mhudumu mmoja alimwinua bibi kabla nesi hajafika, na siku ileile alikabidhi funguo. Bibi mwenyewe hakuwa ameumia hata ukucha.

Sheria ya kwanza Verna aliivunja karibu kila siku. Si kwa kiburi. Kumngoja mtu kulimtia kiwewe. Alikuwa anasimama pale, mzee yuko kwenye kitambaa, mwenzake anasema nakuja, na dakika zikipita kifua kilimbana kama amefungwa mkanda. Akiinua mwenyewe, kinaachia. Basi akawa anainua mwenyewe. Wazee walimpenda kwa sababu hawakungoja, na wenzake walimpenda kwa sababu hakuwaita.

Ilikuwa Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima, siku ambayo kila nyumba mjini inakaanga chapati za maji na kuficha vitu ndani yake, pete, kifungo, sindano ya kushonea iliyofungwa kwenye karatasi, na kila atakachouma mtu ndicho kinachomtabiria mwaka. Theluji ilikuwa imeanguka tangu jana yake na wahudumu wawili hawakuweza kutoka kwao. Harufu ya siagi ilikuwa imepanda mpaka ghorofa ya pili, na wazee walikuwa wanagonga fimbo wakitaka kushushwa.

"Niachie dakika kumi nimalizane na huyu bibi," Bernadine alisema mlangoni, mikono ina povu mpaka kwenye viwiko. "Halafu tunamwinua Murdoch pamoja. Umesikia?"

"Endelea na kazi yako, nitamudu."

"Verna."

"Nitamudu, nimesema."

Murdoch Beaton alikuwa na miaka themanini na sita. Aliitwa Murdoch Taa, kwa kuwa alikuwa akigawa taa za shimoni, na baadaye alishuka mwenyewe akachimba miaka thelathini. Mapafu yalikuwa yamekwisha, miguu haikumbeba, lakini akili ilikuwa kali kama wembe.

"Haya, binti wa Mlango," alisema Verna alipoingia. "Nishushe kabla wale wanawake hawajameza pete zote. Mwaka huu naoa."

"Nani atakukubali na kukohoa huko?"

"Kiziwi."

Verna alicheka, akamgeuza, akampitishia kitambaa, akaning'iniza vitanzi. Kwenye ukumbi kengele mbili zilikuwa zinalia kwa mpigo. Alibonyeza. Murdoch akapanda, akaning'inia, Verna akaanza kuisukuma mashine kuelekea kwenye kiti, na hapo kitanzi cha nyuma upande wa kushoto, ambacho kilikuwa kimekaa kwenye ncha tu ya ndoano, kikachomoka.

Hakupiga kelele. Aliteleza kama gunia linalomwagika, na nyonga ikatangulia sakafuni.

Ilikuwa saa moja na dakika kumi asubuhi. Verna alikumbuka hivyo kwa sababu aliitazama saa ya ukutani, na hilo ndilo jambo la mwisho alilolifanya kama mhudumu. Yaliyofuata aliyafanya yule mtoto wa miaka tisa. Alipiga goti nyuma yake. Mikono chini ya makwapa. Kichwa begani. Akahesabu, akavuta kwa miguu. Murdoch alikuwa mwepesi kuliko Angus. Kufumba na kufumbua alikuwa kwenye kiti, amefunikwa blanketi, nywele zimechanwa, na Verna anaifuta sakafu ambayo haikuwa na kitu.

Akasimama na lile taulo mkononi. Ndipo akaelewa alichofanya.

"Umeumia?" Sauti ilikuwa ndogo.

"Mimi?" Uso wa Murdoch ulikuwa mweupe kama unga. "Niliwahi kuangukiwa na paa la shimo zima. Wewe unaniuliza kuhusu kitambaa."

"Mzee Murdoch, inabidi nimwite nesi."

"Akija atakuuliza mimi niko kwenye kiti nimefikaje."

Verna aliutazama mlango.

"Watakufukuza," alisema Murdoch. "Kama yule mwingine. Basi mimi sijaanguka. Nani ataniuliza?" Alivuta pumzi, ikakwama katikati, akaimalizia kidogo kidogo. "Nisikilize, binti. Mimi nilimjua baba yako."

"Najua mlifanya kazi pamoja."

"Hujanielewa. Nilimfikisha nyumbani mara ngapi? Nilikuwa naliegesha gari, namweka mlangoni, nagonga, naondoka. Niliona taa ya jikoni ikiwaka. Nilikuona dirishani unaburuta. Kitoto kama kidole hivi." Alionyesha kidole chake, chenye makaa yaliyobaki chini ya ngozi. "Tulijua wote. Zamu nzima ilijua. Padri alijua. Tukasema, ah, yule mtoto wa Angus ana nguvu, anaweza. Tukanyamaza."

Kengele za ukumbini ziliendelea kulia. Verna alishika ukingo wa kitanda. Ilikuwa kama mtu amemfungulia mlango wa nyuma ya nyumba aliyoilinda miaka thelathini na saba, na kumwonyesha kwamba haukuwahi kuwa na komeo. Zile asubuhi zote. Yale mafua yote. Kumbe hakuna aliyedanganyika.

"Basi wakati ule nilinyamaza vibaya," Murdoch alisema. "Leo niache ninyamaze vizuri. Nishushe nikale."

Naye akamshusha. Hilo lisifichwe. Alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka ukumbi wa chakula, akamweka mahali pake, akarudi juu akaitikia zile kengele mbili. Alijiambia angeona jioni. Alijiambia pengine ni michubuko tu. Alikuwa na rehani ya nyumba na magego mawili ya kutibu na hakujua kazi nyingine duniani.

Aliporudi chini ilikuwa saa mbili kasoro. Wazee walikuwa wanapiga kelele. Bi Sadie Nearing alikuwa ameuma kifungo, maana yake atakufa hajaolewa, na alikuwa na wajukuu kumi na wawili, kwa hiyo meza nzima ilikuwa inamzomea.

"Murdoch, huli?" mtu aliuliza. "Jana ulisema utakula sita."

"Nangoja zipoe."

Zilikuwa zimeshapoa. Shira ilikuwa imeganda juu yake. Murdoch alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili, anatabasamu, na jasho limemtoka juu ya mdomo. Kila aliyemtazama alimpa utani, naye akaurudisha. Verna alimjua mtu huyo. Ni mtu anayesema mafua.

Aliinama kana kwamba anaweka sawa blanketi, akalifunua. Mguu wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia, na unyayo umegeukia nje. Mhudumu wa wiki moja anaijua ishara hiyo.

"Usithubutu," Murdoch alinong'ona.

"Nyonga imevunjika, mzee."

"Imevunjika, si ni yangu? Verna, mwanangu, nimekwisha kuishi. Wewe bado una kazi."

"Utakaa hivyo mpaka lini? Mpaka jioni? Mpaka kesho?"

"Wewe ulikaa miaka kumi."

Hapo ndipo lilipomwingia. Si kwa uchungu. Kwa mshangao kabisa, kama mtu anayejiona kwenye kioo cha duka kabla hajajitambua. Alimwona mzee wa miaka themanini na sita amejikaza mbele ya sahani, anauma meno kama yeye zamani ili nyumba isigawanywe, na aliyemfundisha kufanya hivyo asubuhi hiyo ni yeye.

"Ndiyo," alisema. "Na ilikuwa vibaya."

Akasimama wima na kuita, katikati ya ukumbi, kwa sauti ambayo watu hawakuwa wameizoea kwake: "Odette! Njoo hapa! Njoo sasa hivi!"

Nesi Odette Boudreau alikuja mbio na kitambaa cha meza bado kimo mkononi. Alipiga magoti, akaangalia mguu, akagusa kidogo, na Murdoch akatoa mlio mmoja mfupi ambao uliwanyamazisha wote mezani.

"Ameanguka lini?"

"Saa moja na dakika kumi."

Odette alitazama ukutani. "Sasa ni saa mbili na dakika tano, Verna."

"Najua."

"Ulikuwa na nani?"

"Sikuwa na mtu. Bernadine alisema nimngoje, nikakataa. Kitanzi kilichomoka. Nikamwinua mwenyewe nikamweka kwenye kiti, nikanyamaza."

"Mwongo huyu," Murdoch alisema, macho amefumba. "Nimeanguka mwenyewe. Andika hivyo."

"Mzee Murdoch, kaa kimya," alisema Verna, na hapo machozi yakamtoka.

Gari la wagonjwa lilichukua dakika arobaini kwa sababu ya theluji. Verna alikaa naye muda wote. Alikaa sakafuni kabisa, amemshika mkono.

Siku ya Ijumaa aliitwa ofisini kwa meneja, Bi Thelma Rideout, mwanamke mkavu ambaye alikuwa na karatasi tatu mbele yake na kalamu bila kifuniko. Verna alikuwa ameandaa la kusema: theluji, watu wawili hawakufika, kengele mbili. Yote yalikuwa kweli, na Bi Rideout aliyaandika.

"Lakini Bernadine alikuwa hatua kumi kutoka kwako," alisema meneja. "Nataka kuelewa tu. Kwa nini hukumngoja?"

Verna alifungua mdomo aseme hajui. Badala yake alisema, "Nilikuwa nikimwinua baba yangu."

"Samahani?"

Basi akamwambia. Hakusema kwa mpangilio mzuri. Alianzia katikati, akarudi kwenye chungu, akaruka kwenye mwalimu, akasimama. Ilichukua pengine dakika nane. Alikuwa hajawahi kumwambia mtu, hata yule mume aliyekaa naye miaka minne kisha akaondoka akisema ameoa ukuta.

Bi Rideout alikuwa ameacha kuandika. "Hilo sina mahali pa kuliweka humu," alisema akizitazama karatasi zake, na haikuonekana kuwa anamkejeli. Kisha akaiweka kalamu chini, akaongeza, "Na mimi ndiye niliyekuwa nikikupigia simu kila mara mtu asipokuja. Miaka sita sasa. Hukukataa, na mimi sikujiuliza kwa nini."

Hawakumfukuza, kwa kuwa alisema mwenyewe. Walimsimamisha wiki sita bila mshahara, barua ya onyo ikaingia kwenye faili lake, na akaambiwa akirudi atafanya mafunzo upya kama mgeni. Wakampa pia namba ya mama mmoja wa kuzungumza naye katika zahanati ya mji. Verna aliiweka kwenye droo wiki mbili, halafu akaenda. Mara ya kwanza alikaa ukingoni mwa kiti, koti amelivaa. Mara ya nne alilivua.

Verna alimpigia simu Lauchie huko Alberta, akamsimulia yote. Alimsikiliza dada yake bila kumkatiza. "Dada," alisema mwishowe, "unajua mimi mpaka leo nalala na viatu karibu na kitanda?" Verna hakujua. Walikaa na hiyo simu saa nzima.

Murdoch alifanyiwa upasuaji mjini Sydney, akapona nyonga akapata kichomi, akapona kichomi, na alirudi karibu na Pasaka akiwa amepungua nusu. Hata kwenye kiti alikaa kwa saa moja tu. Bila ile saa nzima aliyopoteza, pengine isingekuwa hivyo. Daktari hakusema, na Verna hakumuuliza. Aliubeba tu ule pengine, na atakuwa nao.

Zamu yake ya kwanza alimkuta Murdoch amekasirika.

"Nilikwambia unyamaze."

"Ungekufa."

"Ningekufa nimeshiba chapati."

"Hukula hata moja, mzee."

"Kwa sababu ulikuwa unanikodolea macho!" Alikohoa mpaka akachoka. Kisha akasema kwa upole, akiangalia dirisha, "Walikuacha kazini?"

"Waliniacha."

"Haya basi. Niinue. Nimechoka kulala."

Verna alimgeuza, akampitishia kitambaa, akaning'iniza vitanzi vinne, akakivuta kila kimoja mara mbili. Halafu akasimama. Bernadine alikuwa amesema anakuja. Kwenye ukumbi kengele ililia, ikafuata nyingine. Verna alisikia kifua kikianza kufunga. Alihisi miguu yake inavyojua la kufanya, magoti yakitaka kukunjika yenyewe. Aliweka mikono nyuma ya mgongo, akaishikanisha.

"Unangoja nini?" Murdoch aliuliza.

"Mtu."

"Lo. Tutalala hapa."

Dakika ikapita. Ikapita nyingine, ndefu kuliko ya kwanza. Kitufe kilikuwa pale pale, kijani, karibu na mkono wake.

"Bernadine!" aliita. Sauti ilikatika, akairudia. "Bernadine, njoo! Nakuhitaji!"

Milango miwili ilifunguka, watu wakachungulia. Bernadine alitokea anahema, mkate shavuni, mkono kifuani. "Mama wee! Nyumba inaungua?"

"Hapana," alisema Verna. "Shika upande huo."